Gharama ya Kulipumzisha Ziwa Isibebwe na Mvuvi Peke Yake

Mtu mwenye fedha kidogo na Jumamosi isiyo na kazi mjini Bujumbura anaweza kukodi boti ufukweni akapelekwa kutazama viboko upande wa mdomo wa mto Rusizi. Akirudi ataagiza mukeke wa kuchoma na ndizi, alipe, aende nyumbani ameridhika. Safari ya kutwa nzima ya abiria kwenda kumvua samaki huyo kwa ndoano, kila mtu na mshipi wake, si desturi ya mji huu. Kwa mji uliojengwa kando ya mojawapo ya maziwa yenye samaki wa aina nyingi zaidi duniani, jambo hilo linahitaji maelezo.

Kwingineko safari za namna hiyo ni biashara kubwa. San Diego, katika jimbo la California, abiria hulipa nauli, hupanda meli moja, na nahodha huwapeleka kwenye misitu ya mwani baharini kuvua samaki aina ya bass. Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo, Malindi na Shimoni zimejulikana kwa miongo mingi kwa uvuvi wa burudani. Lakini huko California mvuvi wa burudani ana sheria inayomfuata hadi kwenye ndoo yake. Tangu mwaka 2013, mtu mmoja haruhusiwi kubaki na bass zaidi ya watano kwa siku, na kila mmoja lazima afikie urefu wa takriban sentimita 36. Aliyepungua hapo hurudishwa majini. Huo ni mzigo, na umewekwa kwa mtu anayeweza kuubeba: akirudi na samaki watatu badala ya kumi, watoto wake hawatalala njaa.

Ziwa Tanganyika nalo lina samaki wanaostahili kulindwa hivyo. Lina aina nne za jamii ya Lates zisizopatikana kiasili mahali pengine popote duniani. Mdogo kati yao ni mukeke, ambaye Kigoma humwita mgebuka. Yeye huishi katika maji ya wazi kwa makundi, akiwafuata ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili. Wengine watatu ni wakubwa, na hapa Burundi tumezoea kuwaita sangala. Mkubwa wao hupita urefu wa mita moja. Ni ndugu wa sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na jamaa yao mwingine huishi baharini na kwenye midomo ya mito ya Asia na Australia, ambako wavuvi wa ndoano humsafiria kutoka mbali.

Sangala wakubwa walianza kupungua zamani. Katika miaka ya 1950 wafanyabiashara Wagiriki waliokuwa Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo, walileta meli za chuma na nyavu kubwa za kuzungushia kundi zima la samaki. Walikuwa wakitafuta ndagala, lakini wavu wa namna hiyo hauchagui. Samaki mkubwa anayekawia kukua na kuzaa ndiye anayeisha kwanza, na ndivyo ilivyokuwa: mahali nyavu hizo zilipofanya kazi, sangala walipungua ndani ya miaka michache, na kilichobaki cha kuvua kikawa ndagala na mukeke. Kufikia miaka ya 1990 uvuvi huo wa meli kubwa ulikuwa umeporomoka upande wa Burundi, na baadhi ya meli zikahamia kusini, Zambia. Waliobaki ni wavuvi wa mitumbwi na katamarani, wanaotoka jua linapotua na taa zao na kurudi alfajiri, na wanaopumzika mwezi unapokuwa mpevu kwa kuwa mwanga wake huifanya taa isivute samaki.

Hao ndio wanaolaumiwa leo. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Mitumbwi imeongezeka, taa zimekuwa kali zaidi, na nyavu za macho madogo, hata vyandarua, hukokotwa ufukweni na kuzoa vifaranga. Lakini ziwa lenyewe pia limebadilika. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji yake ya chini kabisa hayana oksijeni. Chakula cha viumbe kimejaa huko chini, na hupanda juu pale tu upepo wa kusi wa kiangazi unapoyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyaacha yale ya baridi yainuke upande wa kusini. Maji ya juu yakizidi joto, huwa mepesi na hukataa kuchanganyika na yale ya chini. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20 kwa sababu hiyo. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma tabaka za matope ya chini ya ziwa, wakakuta dalili za samaki kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara, na kwamba katika maeneo waliyoyachunguza makazi ya sakafuni yenye oksijeni yamepotea kwa asilimia 38 tangu 1946. Mvuvi wa Rumonge hakulipasha ziwa joto. Viwanda vilivyolipasha viko mbali sana na Rumonge.

Serikali za nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zimefanya jambo la maana kwa kukubaliana kusitisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Tanzania ilitekeleza hilo mwaka 2024. Naunga mkono uamuzi huo. Samaki wa maji ya wazi hawana mpaka, na nchi moja ikifunga peke yake inawafugia jirani. Hata hivyo, kwa familia inayokula kile ilichovua jana, miezi mitatu ni mirefu mno. Mwenye katamarani ana mkopo wa injini. Mama anayeanika ndagala ana ada ya shule. Sheria inayowaambia wakae nyumbani bila kuwapa cha kushika itavunjwa usiku, na askari wa doria naye atajikuta akikimbizana na njaa. Samaki watakaookolewa Mei watavuliwa Juni kwa magendo.

Kuna sehemu ya pili ya tatizo hili ambayo haizungumzwi kwa sauti ileile. Vifaranga vya sangala wakubwa havikulii katikati ya ziwa. Hukaa karibu na ufukwe, ndani ya mimea ya majini, mpaka vipate nguvu ya kwenda kwenye maji ya kina. Ufukwe ndio malezi yao. Kwa sababu hiyo na nyingine nyingi, sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliacha ukanda wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika usijengwe. Mtu yeyote anayetembea ufukwe wa Bujumbura anaona kuta, kumbi na bustani ndani ya ukanda huo. Matete yamefyekwa ili mgeni apate mandhari, na udongo unaobomoka milimani huteremka na mito hadi kufunika kilichobaki. Mlima ulioachwa bila miti huko juu huua kifaranga huku chini, ingawa mwenye shamba la mlimani hajawahi kushika nyavu.

Kwa hiyo sangala mmoja ana wadeni wengi: mvuvi wa kokoro, mjenzi wa ufukweni, mkulima wa mteremko, mkahawa unaonunua samaki wachanga bila kuuliza, na dunia inayochoma mafuta. Katika orodha hiyo yote, tunayemsimamisha kazi ni mmoja tu, naye ndiye maskini kuliko wote. Hilo si haki, na pia halitafanikiwa.

Yako mambo yanayowezekana. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyozaliwa na mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, ina makao yake hapahapa Bujumbura. Iwe nyumba ya hesabu, itangaze kila mwaka kiasi kilichovuliwa na urefu wa samaki katika mialo ya nchi zote nne. Serikali iunde mfuko wa miezi ya kufunga, na hoteli, mikahawa na boti za matembezi zinazoishi kwa jina la ziwa hili zichangie. Ukanda wa mita 150 usimamiwe kwa ukali uleule unaotumika kukamata nyavu. Urefu wa chini uwekwe kwa sangala na mukeke, na ukaguliwe sokoni na jikoni kabla ya kukaguliwa mtumbwini, kwa sababu mvuvi hatavua kile ambacho hakuna anayekinunua. Eneo la Rusizi, ambalo ni hifadhi tangu 1980, lilindwe hadi ndani ya maji.

Tukifanya hivyo, siku moja boti za Bujumbura zinaweza kubeba abiria wenye mishipi, na kijana wa Kabezi au Rumonge akalipwa kwa kujua mahali sangala alipo badala ya kulipwa kwa kilo alizozoa. Kazi hiyo itakuja tu baada ya samaki wenyewe kurudi.

Nawe msomaji, ukiagiza samaki wiki hii, uliza ana urefu gani na amevuliwa wapi. Akiwa mchanga, mkatae. Na kiongozi anapokuja kutangaza kufungwa kwa ziwa, muulize jambo moja kabla ya kupiga makofi: wanaofungiwa watakula nini?