Majani ya mstafeli na saratani: kagua taarifa kama unavyokagua mbegu

Swali ninalopata sana siku hizi ni hili: "Afisa, majani ya mstafeli yanatibu saratani. Nipande ekari ngapi?" Wengine wameshaanza kukausha majani na kuyauza kwa sifa hiyo. Tulia kwanza.

Kwenye mbegu hamdanganyiki kirahisi. Mnaangalia lebo ya TOSCI, mnauliza imejaribiwa wapi. Kwenye tiba fanyeni hivyo hivyo.

Moja: imejaribiwa kwa nani? Ni kweli, kemikali za mstafeli zimeua seli za saratani maabara. Lakini hata jiki inaua seli maabara. Kwa binadamu, hakuna majaribio yaliyothibitisha kuwa majani haya yanaponya. Tena huko Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani, watafiti wamehusisha matumizi ya mara kwa mara ya stafeli na chai ya majani yake na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson.

Mbili: anayekupa taarifa ndiye anayeuza? Basi tafuta mtu wa pili.

Tatu: ni nyongeza au ni badala? Mgonjwa anayekunywa tangawizi kupunguza kichefuchefu, daktari wake akijua, bado yuko kwenye matibabu. Anayeacha hospitali ni habari nyingine. Watafiti wa Yale, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala peke yake, saratani ikiwa haijasambaa. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5 ya waliotibiwa hospitali.

Sisemi mimea haina dawa. Vinkristini, dawa ya saratani ya damu, hutokana na ua la vinka tunalopanda uani. Ila huchujwa, hupimwa na kutolewa kwa dozi hospitalini. Ukilichemsha nyumbani ni sumu.

Pa kutafuta: ukurasa wa About Herbs wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, ni bure. Andika jina la kitaalamu, Annona muricata, maana majina ya mitaani yanachanganya. Hapa nyumbani, waulize wataalamu wa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala litakuambia kama dawa imesajiliwa, lakini usajili si uthibitisho kuwa inaponya saratani.

Kibiashara, uza tunda na juisi, soko lipo. Usiandike "inatibu saratani" kwenye pakiti. Kuna mama mwenye uvimbe kwenye titi atakayeamini maandishi yako, anywe chai miezi sita, ndipo aende hospitali. Miezi hiyo hairudishwi.