Kuchungulia Pakiti za Mchezo

Kijana wa Kitengela, Kajiado, akicheza Minecraft kwenye kompyuta na wenzake mtandaoni, kila hatua yake husafiri kama pakiti ndogo za data. Seva ikiwa Ulaya, pakiti hupitia nyaya za baharini zinazotua Mombasa, zikiwemo SEACOM na TEAMS za mwaka 2009.

Anayetaka kuziona huweka proksi katikati, programu inayoendeshwa kwa amri za kuchapwa. Mchezo huunganishwa na proksi, nayo hupeleka kila pakiti kwenye mlango 25565 wa seva huku ikiandika saa na ukubwa wake. Mchezo ukikwama, rekodi hiyo huonyesha pakiti zilichelewa lini. Ni somo zuri mno!

Ila sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inakataza kunasa data ya wengine bila idhini. Jaribu kwenye seva yako mwenyewe.