Vimondo vya Mwezi Mei katika Anga ya Songea

Kila mwaka, mwanzoni mwa Mei, mvua za masika zikiwa zimekwisha na anga ya Ruvuma imeanza kutakata, Dunia hukatiza njia ya vumbi iliyoachwa na nyota yenye mkia ya Halley. Nyota hiyo huzunguka Jua kwa muda wa miaka ipatayo 76; ilipita karibu na Jua mwaka 1986, nayo itarudi mwaka 2061. Kila inapolikaribia Jua, barafu yake hugeuka mvuke na kuachilia punje ndogo ndogo, ambazo huendelea kusafiri katika njia ile ile. Punje hizo zikiingia katika hewa ya Dunia, huonekana kama vimondo.

Mwanga hutoka wapi?

Punje huingia kwa mwendo wa kilometa 66 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa barabara kutoka Songea hadi Dar es Salaam ungemalizika kwa sekunde zipatazo 15. Hewa iliyo mbele ya punje hubanwa ghafla na kupata joto kali. Punje hugeuka mvuke, na mvuke huo pamoja na hewa hung'aa. Haya hutukia kwenye kimo cha kilometa 100 hivi. Punje hizo haziwezi kufika ardhini. Kimondo cha Mbozi, kilichoko katika Mkoa wa Songwe, ni kitu cha namna nyingine: ni bonge la chuma lenye urefu wa meta 3 hivi, wala halikutokana na vumbi la nyota yenye mkia.

Kwa nini kusini?

Vimondo vya Mei huonekana kana kwamba vyatoka mahali pamoja, katika buruji ya Dalu, yaani Ndoo. Kwa kweli punje husafiri sambamba. Mtu akisimama mwanzo wa shamba la mahindi lililopandwa kwa mistari, huona mistari yote ikikaribiana kule mbali. Ndivyo ilivyo kwa vimondo. Mahali hapo huitwa kitovu, na kadiri kitovu kinavyopanda juu, ndivyo vimondo vinavyozidi.

Hapa ndipo Songea inapokuwa na bahati. Kitovu huchomoza mashariki baada ya saa 8 usiku, na kufikia saa 11 alfajiri huwa kimepanda nyuzi 40 hivi, ilhali anga bado ni giza. Huko Ulaya mwezi Mei usiku ni mfupi: kitovu kikiwa bado chini kabisa, pambazuko limekwisha anza. Kwa sababu hiyo vimondo hivi, ambavyo huko kaskazini huonekana vichache tu, huweza kufikia 20 hadi 30 kwa saa katika giza kamili la kusini.

Namna ya kutazama na kuhesabu

Usiku bora ni kati ya tarehe 4 na 7 Mei, kuanzia saa 9 usiku hadi saa 11 na nusu alfajiri. Mwezi mkubwa ukiwapo, vimondo hafifu hupotea. Darubini haifai, kwa kuwa huonyesha sehemu ndogo tu ya anga. Mtazamaji achague mahali pasipo na taa, na ambapo Milima ya Matogoro haimzibii upande wa mashariki. Alale chali juu ya mkeka, ajifunike blanketi, na ayape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza. Tochi ifunikwe karatasi nyekundu.

Kila mwanafunzi aandike hesabu yake peke yake, kwa vipindi vya dakika 15, bila kuichanganya na ya mwenzake. Aandike pia hali ya mawingu. Kimondo ambacho njia yake haielekei nyuma hadi Dalu kihesabiwe mbali.

Faida ya hesabu

Vumbi la Halley halikutawanyika sawasawa. Mwaka 2013 vimondo vya Mei vilizidi maradufu ya kawaida, na jambo hilo lilijulikana kwa sababu walikuwapo watu waliokesha wakihesabu. Shirika la Kimataifa la Vimondo, lililoundwa mwaka 1988, hupokea hesabu za watazamaji wa kawaida kutoka kila nchi. Kwa vimondo vya Mei, hesabu za kusini zina thamani ya pekee.

Wala wanafunzi si wageni katika kazi hii. Mwaka 1798, Brandes na Benzenberg, wanafunzi wawili wa Göttingen, Ujerumani, walisimama mahali pawili palipoachana kilometa kadhaa, wakachora njia za vimondo vile vile kati ya nyota. Kwa kulinganisha michoro yao na kutumia hesabu za pembetatu, walipata kimo cha vimondo. Hawakuwa na chombo kikubwa chochote. Shule mbili za Ruvuma zinazoachana kwa umbali wa namna hiyo, zikipatana saa na tarehe, zaweza kulirudia jaribio hilo Mei ijayo.