Mashini ya kusaga ikikataa kumeza na kutema

Mashini ikimeza mahindi polepole ao bunga haitoke, tusikimbilie kulipa fundi. Kwanza tuzime moteri na tungoje nyundo za ndani zisimame kabisa. Kidole kikikatika hakirudi.

Tuanze na mahindi. Tuyatie kidogo ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tutikise. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi yangali na maji, yataziba kichungio. Tuyarudishe kwenye jua.

Kama ni makavu, tuangalie mkanda: umelegea, tuukaze. Kichungio kimeziba, tukisafishe, kimetoboka, tukibadilishe. Nyundo zimelika upande mmoja, tuzigeuze zote pamoja, juu mashini isitetemeke.

Ikikataa tena, sasa tuite fundi.