Etha Inapovunjwa na Joto

Jaza gesi ya dimethili etha katika chombo cha kioo, kifunge, kisha kipashe joto hadi kama nyuzi 500 za Selsiasi. Huoni mwali wala moshi. Kinachobadilika ni presha: inapanda, na mmenyuko ukiisha inakaribia mara tatu ya ilipoanzia. Molekuli moja ya etha imezaa tatu: methani, hidrojeni na monoksidi ya kaboni.

Miaka ya 1920, Cyril Hinshelwood wa Oxford aliipima presha hiyo akiamini kwamba kila molekuli hugongwa na wenzake, hukusanya nguvu, kisha hupasuka yenyewe. Maelezo hayo ni mepesi na yanavutia. Lakini etha ni oksijeni iliyoshikwa na kaboni pande mbili, na kukikata kimoja cha vifungo hivyo kunadai takriban kilojuli 350 kwa kila moli. Kwa joto hilo, molekuli zinazofikia kiwango hicho ni chache mno. Zingetegemewa hizo peke yake, kazi ingejikokota.

Mwaka 1934, Francis Rice na Karl Herzfeld walionyesha nchini Marekani jinsi hizo chache zinavyotosha. Etha ikikatika, hutoa kipande kiitwacho methili, chenye elektroni isiyo na mwenza. Methili huipokonya etha nzima iliyo jirani atomu ya hidrojeni, ikatulia ikiwa methani. Etha iliyoporwa haidumu: hugawanyika kuwa fomaldehidi na methili nyingine, nayo hiyo humwendea jirani wa tatu, na mnyororo huendelea. Ni kama moto wa nyika, ambao kiberiti huwasha unyasi wa kwanza tu. Fomaldehidi nayo huishia kuwa hidrojeni na monoksidi ya kaboni.

Linalonivutia zaidi ni kwamba Hinshelwood mwenyewe alisaidia kulithibitisha wazo hilo. Yeye na wenzake walitia nitriki oksaidi kidogo ndani ya mvuke wa etha, na mmenyuko ukapungua kasi sana. Gesi hiyo hunasa vipande kama methili kabla havijafika kwa jirani. Kama kila etha ingekuwa inapasuka kivyake, kiasi kidogo namna hiyo kisingeweza kuizuia. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Nikolai Semenov wa Umoja wa Kisovieti, bingwa wa mimenyuko ya mnyororo.

Mnyororo hauelezi kila kitu. Diethili etha, ile iliyotumika kumlaza mgonjwa wa upasuaji mjini Boston mwaka 1846, ina njia ya pili: hidrojeni ya ncha ya mkono mmoja wa kaboni huhamia kwenye oksijeni, na molekuli huachana kwa utulivu kuwa ethilini na ethanoli. Dimethili etha haina njia hiyo, kwa kuwa kila mkono wake una kaboni moja tu.

Ufupi huo wa mikono una faida dimethili etha inapotumiwa kama mafuta katika injini za dizeli. Masizi huanza pale kaboni zinapoungana na kufanya pete. Dimethili etha haina kaboni iliyoshikana na kaboni, na sehemu ya kaboni zake hutoka zikiwa tayari zimeshikwa na oksijeni. Ndiyo maana huungua karibu bila masizi.