Minyoo wote si ndugu: maumbile yao ndiyo yanayoamua tiba

Tumbo la mtoto likivimba na mwili ukikonda, wazazi wengi husema ana minyoo, kisha hukimbilia duka la dawa. Lakini minyoo gani? Wale wanaotusumbua zaidi wanatoka katika makundi mawili ya wanyama wasio na uti wa mgongo, tena makundi yasiyo na udugu wa karibu. Dawa inayoua kundi moja inaweza isilidhuru jingine.

Kundi la kwanza ni minyoo bapa, yaani tegu na minyoo wa kichocho. Hawa hawana moyo wala mapafu. Oksijeni hupenya kupitia ngozi, ndiyo maana miili yao ni myembamba. Mnyoo wa kichocho ana mdomo lakini hana njia ya haja, hivyo mabaki ya damu aliyokula huyatapika. Tegu hana mdomo wala utumbo. Hung'ang'ania ukuta wa utumbo wetu kwa kichwa na kufyonza chakula kwa ngozi yake yote, huku pingili zilizojaa mayai zikikatika na kutoka na choo. Tegu wa ng'ombe huweza kufikia urefu wa mita kadhaa.

Kundi la pili ni minyoo wa mviringo, wakiwemo mchango, minyoo wa safura na wa matende. Mwili wao ni mithili ya mpira wa maji uliojaa: ngozi ngumu nje, majimaji yenye mgandamizo ndani. Utumbo wao una matundu mawili, mdomo na njia ya haja. Ili wakue, hujivua ngozi mara nne.

Kujivua huko kuna maana kubwa. Mwaka 1997, watafiti waliolinganisha vinasaba waliwaweka minyoo wa mviringo pamoja na wadudu na kaa, ambao nao hujivua. Kwa hiyo mchango yuko karibu zaidi na nzi kuliko na tegu. Minyoo bapa, kwa upande wao, wako karibu zaidi na konokono na nyungunyungu.

Tofauti hizo zinaonekana kwenye tiba. Albendazole huwanyima mchango na safura uwezo wa kufyonza sukari, lakini haiponyi kichocho. Praziquantel huharibu ngozi ya minyoo bapa na kukaza misuli yao, ila mchango haimfanyi kitu.

Kinga nayo hutofautiana. Kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi, kama wale wa Ziwa Victoria, na kiluwiluwi chake hupenya ngozi ya anayeoga au kuvua. Safura hupenya nyayo za anayetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi. Mchango humezwa kama mayai, na jike mmoja hutaga takriban 200,000 kwa siku. Tegu huja na nyama isiyoiva.

Basi usinunue dawa kwa kubahatisha. Mpeleke mtoto kituo cha afya apimwe choo na mkojo, maana mayai ya kichocho cha kibofu huonekana kwenye mkojo. Tumieni choo, naweni mikono kwa sabuni, vaeni viatu na mpike nyama hadi iive. Dawa bila usafi huponya leo tu. Kesho minyoo hurudi.