Mikono ya Mfumu na Homa ya Mtoto

Ndugu, hapa Masisi na Walikale mtu wa sindano tunamwita mganga, naye mwenye dawa za kijijini tunamwita mfumu. Tusimdharau. Wengine walirithi kazi kwa baba au mjomba. Wengine waliugua sana, wakaambiwa mzimu wa babu unawataka, na walipopona wakamfuata mwalimu porini miaka mingi wakijifunza majani, magome na mizizi. Hata kinini ilitoka katika gome la mti, na mti huo hupandwa hapa Kivu.

Lakini wako wanaosema kwamba ugonjwa wanausikia mikononi tu. Hupitisha viganja juu ya mwili, kisha hukuambia umekaa wapi. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Japani, Mikao Usui alianza kulifundisha katika mwaka 1922, nalo huitwa reiki. Daraja la kwanza mara nyingi hujifunzwa kwa siku moja au mbili. Mfumu wetu angecheka!

Je, mkono unasikia kweli? Huko Marekani msichana mmoja, Emily Rosa, aliwapima watu 21 wa kazi kama hiyo. Walipitisha mikono yao miwili chini ya pazia wasione kitu, naye akaweka mkono wake karibu na mmoja. Wakaulizwa ni upi. Katika mara 280 walipata 123. Mtu wa kubahatisha angepata kama 140. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1998.

Basi malaria haisikiki kwa kiganja. Hutafutwa katika tone la damu la kidoleni, na jibu huja kabla ya nusu saa. Mtoto mwenye homa aletwe siku ile ile. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege au akilala asiamke vizuri, msingoje hata asubuhi.

Mama mmoja alituletea mwanawe siku ya nne, viganja vya mtoto vimekuwa vyeupe. Siku tatu walikuwa kwa mfumu. Tulimtia damu na dawa, akapona. Siku ya kuondoka mama aliuliza kama mfumu naye angeweza kuja kukiona kile kipimo. Nikasema, aje. Alikuja Jumatatu, akaketi katika foleni pamoja na wengine, na zamu yake ilipofika akatoa kidole chake mwenyewe kichomwe.